Jina Lisiloitwa Njiani

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu kulikuwa na jina lisiloruhusiwa kuitwa njiani, na jina hilo halikuwa langu. Lilikuwa la mdogo wangu, Nahimana. Ndani ya nyumba tulimwita tulivyotaka. Akishavuka ua wa minyaa, basi, hana jina. Ukimtaka unamfuata alipo na kumgusa bega. Bibi alisema jina lile lina mwenyewe wa kwanza. Likiitwa njiani, yule wa kwanza ndiye atakayeitika, na akishaitika atakuja kumchukua mtoto.

Mimi naitwa Kabula. Kwa Wasukuma ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Simama mnadani Masumbwe uite Kabula, watageuka wanawake sita. Bibi aliliita jina langu kutwa nzima, kutoka jikoni, kutoka shambani, hadi jirani wa tatu anasikia. Nilikimbia nikiwa na povu la sabuni mikononi, nikafika nahema, naye mara nyingi alinitazama tu akasema, "Hakuna. Nenda." Nikarudi kwenye vyombo nikavisugua kwa hasira. Jina la mwenzangu linatunzwa kama yai, langu linatupwa njiani kama ganda la muwa.

Nieleze kwanza Bibi alikuwa nani, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Ni mama mzazi wa baba. Aliingia Tanzania kwa miguu akitokea Burundi, mumewe akiwa ameshauawa, baba yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Waliishi miaka mingi katika makazi ya wakimbizi, hadi baba alipokuwa kijana akafuata dhahabu huku, akachimba Bugarama, akamwoa mama ambaye ni Msukuma, kisha akajenga nje kidogo ya Masumbwe na kumchukua mama yake. Majirani walimwita Bibi "Mama Simoni", kwa jina la baba. Kuhusu ile safari alikuwa na neno moja tu. Ukimuuliza mlikujaje, anajibu, "Tulitembea."

Mengine tuliyaona bila kuambiwa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kifurushi cha unga, chumvi na kiberiti, kimefungwa tayari. Kila mwezi alimwaga ule unga kwa kuku akaweka mwingine. Viatu vyetu vilipangwa mlangoni vikitazama nje. Baba naye, mtu mzima mwenye ndevu, hakuitika akiitwa mara ya kwanza wala ya pili, na wachimbaji wenzake walimtania kwamba ana masikio ya kuazima. Sisi watoto tulidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyoishi.

Nahimana alipata jina lake kwa kulia. Alipozaliwa alilia wiki tatu, maziwa hayataki, mgongo hautaki. Upande wa mama, mtoto akilia hivyo hutafutiwa jina, kwani huenda yuko marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Shangazi wa mama akampakata na kuanza kutaja majina ya wazee wao, moja baada ya jingine, akingoja kidogo baada ya kila jina. Kilio kikaendelea. Ndipo Bibi, aliyekuwa pembeni anachambua mchicha, akasema bila kuinua macho, "Nahimana." Mtoto akanyamaza. Nilikuwa na miaka mitatu. Sijui kama nakumbuka au nimesimuliwa, na sipendi kudai kisicho changu, kwa hiyo naliacha hivyo. Bibi alipoulizwa ni jina la nani, alijibu, "La mtu wetu." Mama akakisia kwamba ni la mama yake Bibi. Hakuna aliyekataa.

Tangu siku hiyo mtoto akawa wa Bibi. Alilala kitanda chake. Alikunywa maziwa kwanza, sisi tukafuata. Njiani Bibi alimshika, tena si kiganja kwa kiganja kama watu wanavyowashika watoto, bali kwenye kifundo cha mkono, vidole vikizunguka vyote, mpaka pakabaki alama. Mimi nilitembea nyuma na ndoo. Nilikuwa najishika kifundo changu mwenyewe kwa mkono wa pili, nijue inakuwaje.

Kilichoniuma zaidi ni somo lao. Nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya karanga, Bibi alimsimamisha akamuuliza, "Ukisikia jina lako njiani, unafanyaje?" Na Nahimana anajitupa chini kifudifudi, mikono juu ya kichwa, kimya, asitikisike hata siafu wakimpanda. "Hata sauti ukiijua?" Kimya. "Vizuri." Nilidhani ni mchezo ambao sikualikwa. Siku moja nikajilaza kando yake, pua kwenye udongo, nami nisifiwe. Bibi akanishika bega akaninyanyua. "Wewe inuka," alisema. "Wewe ukiitwa, itika."

Nililia nyuma ya choo siku ile, na nilihakikisha hakuna anayeniona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya mvua za mwanzo, majani yakiwa yamenipita urefu. Mama alichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniambia niwapelekee baba na wenzake kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Nahimana alitaka kwenda. Bibi alikataa, akabembelezwa, akakubali. Alichukua vidole vyangu akavifunga mwenyewe kwenye kifundo cha mdogo wangu. "Usiachie," akasema. Nahimana alikuwa amevaa kandambili mpya nyekundu alizonunuliwa na Bibi. Mimi nilikuwa na viatu vya shule vilivyokatwa mbele ili vidole vipumue.

Njia ilipita kwenye mashimo ya zamani. Wachimbaji huchimba shimo la kujaribu, wakikosa mwamba wanahama bila kufukia, na majani yanafunika. Tulijua kutotoka nje ya njia. Tulipokuwa katikati ya pori lile, Nahimana akaanza kunieleza kwamba Bibi amesema siku akifa, kitanda atamwachia yeye Nahimana.

"Na mimi?" nikamuuliza.

Akafikiri, kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa urithi. "Wewe utapewa ndoo."

Nikamwachia. Akatangulia, kandambili zikipiga visigino, wala hakujali. Nilimtazama mgongo, nikatazama zile kandambili, na sikuita kwa bahati mbaya. Nilitaka huyo mwenyewe wa kwanza aje. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kila neno la Bibi. Ndiyo sababu niliita.

"Nahimana!"

Akasimama, hakugeuka. Nikaita mara ya pili. Nikaita ya tatu, nikavuta sauti mwishoni kama watu wanavyoita mbali. Akaruka pembeni mwa njia na kujitupa kwenye majani kifudifudi, kama alivyofundishwa. Majani yakafunga. Kisha nikasikia udongo unamomonyoka, na baada ya hapo sikusikia kitu. Hakulia.

Nilisogea hatua mbili nikaogopa. Sikufikiria shimo. Nilifikiri yule wa kwanza amekuja, amemchukua, na kazi hiyo nimeifanya mimi. Nikarudi mbio nyumbani, matobolwa yakimwagika. Bibi alikuwa uani. Nikasema neno la kwanza lililonijia, ambalo ni uongo nusu: "Bibi, ameniponyoka."

Sijawahi kuona uso ukizimika vile. Hakunipiga, hakuuliza wapi. Mama ndiye aliyenipiga kofi, akiniuliza mkono niliuachia kwa nini. Nililipokea kofi lile kwa shukrani, maana kosa aliloliadhibu lilikuwa dogo kuliko langu.

Watu wakajaa. Baba akaletwa kutoka karashani pamoja na wenzake, wengine na taa zao za kichwani. Wakatawanyika porini, wakaita kama watu wanavyoita mtoto aliyepotea. Jina lile lililotunzwa miaka sita likawa linarushwa na wanaume ishirini, kutoka kila upande. Nahimana. Nahimana. Mimi nilisimama kwenye minyaa nikielewa kitu ambacho wao hawakukijua: kadiri wanavyoita, ndivyo atakavyojilaza na kunyamaza. Mtu mwingine aliyejua hilo somo alikuwa Bibi. Nikamtafuta awaambie.

Nilimkuta kwenye matuta ya karanga. Amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, kimya. Jirani alikuwa anamvuta: "Mama Simoni, inuka. Mama Simoni, tumtafute mtoto." Kila jina lilipoitwa porini, mabega yake yalizama zaidi kwenye udongo. Hapo ndipo nilipoogopa kitu kingine, kikubwa kuliko yule wa kwanza aliyekuja kuchukua watoto, ingawa sikuwa na jina lake. Nilitamani nijilaze pale pale kando yake. Lakini mimi nilishaambiwa kwamba nikiitwa niitike, sikufundishwa kunyamaza.

Nikamfuata baba. "Baba, waambie wasiite."

Alinitazama. Baba yangu, mwenye masikio ya kuazima, hakuniuliza kwa nini. Aliinua mkono, wanaume wakanyamaza mmoja mmoja mpaka pori lote likawa kimya. Nikampeleka mahali. Nikamwambia, "Alilala hapa." Sikumwambia nani aliita. Akalala kwa tumbo, akapasua majani kwa mikono mpaka akaona ukingo uliomomonyoka. Wakamfunga kamba akashuka. Nilichungulia. Nahimana alikuwa chini, kina cha watu wawili, mguu umekunjwa usivyopaswa, macho wazi, mikono juu ya kichwa. Baba hakumwita. Aliinama akamgusa bega. Ndipo Nahimana akalia, na sauti ilipotoka shimoni nilikaa chini njiani.

Mguu uliungwa, lakini haukurudi ulivyokuwa. Hadi leo anachechemea. Mtaa mzima ulisema onyo la Mama Simoni limetimia. Wengine walidai walisikia sauti ya mwanamke porini siku ile. Hakuna aliyeuliza kama sauti hiyo ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa.

Ningependa kuandika kwamba nilitubu. Ukweli ni kwamba nilizidi kuona wivu. Miezi mitatu Nahimana alilala kitandani na Bibi, wakinong'ona, na mimi nikipita na maji walinyamaza. Alipoanza shule alibebwa mgongoni, na mbebaji nilikuwa mimi, mwaka mzima, kwenda na kurudi. Niliuonea wivu hata mguu wenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikahamia Shinyanga mjini. Watoto wangu ni wawili. Naandika daftari la ukoo, nani kazaliwa na nani, wapi, aliyemzika ni nani. Sipendi neno "inasemekana" lakini katika ukurasa wa Bibi lilijaa. Kuna jambo lililonisukuma. Mwaka jana nilimkuta binti yangu anapanga viatu mlangoni vikitazama nje. Nilimuuliza nani kakufundisha. Akasema, "Wewe." Nilibisha, kisha nikatazama viatu vyangu.

Basi nikaenda Masumbwe wakati wa kiangazi. Bibi amezeeka, anakaa kwenye mkeka akibangua karanga kwa vidole visivyonyooka. Nahimana anaishi naye na ana cherehani barazani. Nilimwamkia Bibi, nikakaa, nikafungua daftari, nikamsomea nilichonacho ili arekebishe. Mume, jina. Mama yake Bibi, inasemekana Nahimana. Watoto: mmoja, Simoni, mzaliwa wa kwanza.

Cherehani ikasimama. "Hapo umekosea, dada," Nahimana akasema. "Baba ni wa pili. Nahimana ndiye wa kwanza."

Bibi aliendelea kubangua. Nikamuuliza mdogo wangu amejuaje. Akasema aliambiwa wakati ule wa mguu.

Miaka zaidi ya ishirini. Mimi mwenye daftari, niliyekwenda kwa wazee wa upande wa mama kuuliza jina la ng'ombe wa mahari, na yeye alikuwa nayo hiyo habari tangu ana miaka sita, akishona magauni ya watu. Nikawa tena yule mtoto wa nyuma ya choo. Nilichosema baada ya hapo watu wangekiita kukiri. Kwa kweli nilikisema kwa wivu, ili nami niwe na kitu wasichokuwa nacho.

"Na mimi lipo msilolijua. Siku ile ya shimo, aliyekuita ni mimi."

Nahimana hakushtuka. Alikata uzi kwa meno. "Najua. Nani asiyeijua sauti yako?"

"Sasa mbona ulilala?"

"Bibi alisema hata ikiwa sauti ya mama yako, lala."

"Na mbona hukunisema?"

"Ungepigwa." Akaweka kitambaa sawa chini ya sindano. "Halafu nani angenibeba shule?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Bibi ndiye aliyenikatisha. Alikuwa ameacha karanga na ananitazama kama siku ile alivyonitazama uani.

"Uliita mara ngapi?"

"Mara tatu, Bibi."

"Mimi niliita mara moja," akasema.

Alituhadithia kwa sentensi chache na sitaziongezea. Walikuwa wengi, wanavuka bonde lenye mafunjo. Baba alikuwa mgongoni. Nahimana, mwenye miaka mitano, alikuwa mkononi, kiganja kwa kiganja, na viganja vilikuwa vimelowa. Kikateleza. Bibi akaita jina mara moja tu, kwa sauti, kama mama yeyote. Mtoto akaitika. Wauaji waliokuwa wanawafuata nao walisikia, sauti ya mtoto ikawaonyesha alipo. Bibi alijilaza kwenye mafunjo, kiganja chake juu ya mdomo wa baba. Mtoto alimwita mama yake, akamwita tena. "Sikuitika," Bibi akasema. "Aliniita mpaka akanyamaza."

Mdogo wangu aliinuka kwenye cherehani, akachechemea mpaka mkekani, akakaa karibu naye. Mimi nilikaa upande wa pili. Nilimwomba Bibi msamaha kwa zile mara tatu. Alichukua mkono wangu, akapitisha vidole mpaka kwenye kifundo, akavizungusha vyote. Hana nguvu tena, hapakubaki alama. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na zaidi, na ndiyo mara ya kwanza aliponishika hivyo.

Baba aliporudi nilimsomea niliyoandika. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Mwisho akasema kwamba tangu mdogo, kila alipofanya jambo zuri, mama yake alimtazama yeye kisha akatazama kando yake kidogo, kana kwamba pale amesimama mwingine. "Nilimchukia huyo mtu," alisema. "Sikujua ni dada yangu." Akaenda akakaa mkekani, akaanza kubangua karanga na mama yake. Bibi alipotamka jina lake, aliitika mara ile ile.

Katika daftari sasa namba moja ni Nahimana, namba mbili Simoni. Sikuweka "inasemekana". Na kwa kuwa niliahidi kuandika mambo yalivyo, wivu haujaniisha. Bado naona uchungu kwamba mdogo wangu alikabidhiwa habari ile yote na mimi nikakabidhiwa ndoo. Ila nafikiria pia uzito wa kulala kitanda kimoja na habari kama hiyo ukiwa na miaka sita, na kuvaa jina la mtu ambaye mama yake hakumwitikia. Mimi nilibeba maji.

Niliondoka asubuhi. Pikipiki ilinisubiri barabarani. Nilikuwa nimeshavuka minyaa na kufika kwenye kona ya njia niliposikia sauti, nyembamba kuliko zamani, lakini ile ile.

"Kabula!"

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye bega la Nahimana. Jirani wa tatu lazima alisikia.

"Abee, Bibi!"

Alisimama vile vile, kana kwamba anangoja itikio langu limfikie lote. Nikakumbuka povu la sabuni mikononi, nikikimbia, nikifika nahema, mara kumi kwa siku, na hakuna cha kutumwa. Kumbe katika nyumba ile nzima langu ndilo jina pekee aliloweza kulipigia kelele njiani, na kila alipoliita, mtoto alikuja.

"Hakuna," akasema. "Nenda."

Mwenye pikipiki aliniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana, alitaka niitike tu.